Turubai Uani kwa Mama Revo

Mama Revo akikuambia mtu amekufa, ujue amekufa. Ndivyo tulivyoishi hapa Kiseke kwa miaka yote niliyokuwa jirani yake. Padre anaweza kuchelewa kupata habari, balozi wetu wa nyumba kumi anaweza kuwa safarini, lakini Mama Revo atakuwa ameshajua, ameshafunga kitenge cha pili kiunoni na yuko njiani. Jina lake hasa ni Wilhelmina. Anauza mabeseni na ndoo za plastiki sokoni, na ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Kazi hiyo haina mshahara wala shukrani, ila yeye aliifanya kama waziri mwenye wizara yake.

Mimi ni Modesta, fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na nyumba yake. Wanasema naongea sana, na sibishi. Lakini haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona aliniambia mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kigoda changu anaokota vipande vya vitambaa sakafuni bila kuombwa, maana mikono yake haijui kutulia.

Zamani alitangaza misiba kwa miguu. Alipita mlango kwa mlango, akabisha hodi, akasimama hapo kizingitini na kusema, "Jamani, tumepata pigo." Simu janja zilipoingia, mwanawe Revocatus akamnunulia moja, akamfungulia kundi la jumuiya kwenye wasapu, na miguu ikapumzika. Maneno yakabaki yaleyale. Tangazo lilianza na "Jamani, tumepata pigo," likafuata jina la marehemu, kisha mahali pa msiba, kisha namba ya kutumia rambirambi. Ukiyaona tu hayo maneno ya mwanzo kwenye kioo cha simu, moyo unaruka kabla hujafika kwenye jina.

Na sisi tuna desturi yetu. Mfiwa hapigiwi simu kuulizwa kama ni kweli. Kwetu huo ni ukatili, ni kumtia mtu kidole kwenye kidonda. Unatuma ulichonacho, unafunga kibanda, unachukua kuni au sufuria, unakwenda. Mengine utayasikia hukohuko msibani. Desturi hii naiona nzuri hata leo, na ndiyo maana nina hasira na aliyeitumia.

Revocatus ni mtoto wake wa pekee. Anafanya kazi kwenye vizimba vya samaki upande wa pili wa ziwa, ukivuka daraja pale Kigongo na kuishika barabara ya Sengerema. Kutwa yuko majini analisha samaki, na huko mtandao unakuja na kuondoka utakavyo. Mama yake alishazoea kumpigia jioni. Nyumbani yupo pia Bibi, mama mzazi wa Mama Revo, mzee wa Kisukuma mwenye presha. Bibi ndiye aliyemlea Revo tangu alipoachishwa kunyonya, na hana mjukuu mwingine duniani.

Asubuhi ya siku hiyo Mama Revo alikuwa sokoni, anapanga mabeseni yake kwa rangi, simu ikaita.

"Tumsifu Yesu Kristu," sauti ya kijana ikasema.

"Milele amina," akaitika, akavuta kigoda akakaa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kijana akasema anaandaa kundi jipya la makatibu wa jumuiya zote za parokia. "Tumeambiwa wewe ndiye unayeiweza kazi hii kuliko wote, mama. Tunataka uwaelekeze wenzako."

Hapo ndipo alipokamatwa. Kuna watu wanaocheka wakisikia, na mimi nawauliza: mtu amekusalimia kwa salamu ya imani, ukaitika, amekuamkia, amekusifu kwa kazi ambayo hakuna aliyewahi kukusifu hata siku moja, utaanzia wapi kumkatalia? Kijana akasema, "Nimekutumia namba za tarakimu sita kwenye ujumbe. Nisomee, nikuingize kundini." Kulikuwa na mteja amesimama anasubiri beseni lake. Mama Revo akazisoma. Chini ya namba hizo paliandikwa kwamba asimpe mtu yeyote. Anakiri aliyaona maneno hayo, ila hakudhani yanamhusu mtu wa kanisani.

Muda si mrefu wasapu yake ikajifunga. Akadhani bando limeisha. Akairudisha simu mfukoni mwa aproni akaendelea kuuza.

Mimi nilikuwa nashona pindo la sare ya shule simu yangu ilipolia. "Jamani, tumepata pigo. Mwanangu mpenzi Revocatus ametutoka asubuhi hii, boti imepinduka vizimbani. Mwili uko Sengerema. Rambirambi tumieni namba hii ya shemeji yangu aliye huko, yangu inasumbua." Juu ya maneno hayo kulikuwa na jina lake na picha yake, ile ya Pasaka akiwa amejifunga kilemba cha njano.

Nilipiga yowe mpaka mtu wa bodaboda aliyekuwa anapita akasimama. Nilituma rambirambi hata sijainuka kwenye cherehani, kisha nikachukua kitenge na kuvuka barabara. Wengine walikuwa wanakuja kutoka kila upande. Wanaume wakaleta turubai na viti vya plastiki, wakaanza kuchimbia nguzo uani. Wanawake wakatandika mikeka. Kuni zikashushwa. Mama Revo hakuwepo, na hakuna aliyeshangaa. Tulijua atakuwa ameshaondoka kuufuata mwili wa mwanawe.

Ndani, Bibi alishasikia vilio na alikuwa anauliza kwa Kisukuma ni nani aliyekufa. Ilibidi mtu amwambie. Sabina, jirani wa nyumba ya nyuma, mwanamke mpole kuliko sisi wote, akaingia. Tukasikia sauti yake ya chini. Halafu tukasikia kitu kizito kikianguka sakafuni.

Mchana Mama Revo huwa anarudi kumpa Bibi dawa. Basi tulikuwa hapo, nusu yetu tukilia na nusu tukimpepea Bibi kitandani, alipotokea kwenye kona ya barabara na rundo la ndoo kichwani.

Aliliona turubai. Ndoo zote zikamwagika barabarani, moja ikabiringika mpaka mtaroni, na yeye akaja mbio akipiga kelele, "Mama! Mama yangu!" Alidhani ni Bibi. Akatupita bila kutuona, akaingia chumbani, akamkuta mama yake anapumua, amefumba macho. Akamshika shavu, akamwita, Bibi akaguna. Mama Revo akatoka tena, akasimama mlangoni akitutazama mmoja mmoja. Sijawahi kuona uso umejaa hofu namna ile.

"Mama yuko hai," akasema. "Sasa ni nani?"

Tulidhani uchungu umemvuruga akili. Nikamshika mkono, "Kaa kwanza, Mama Revo."

"Sikai! Nani amekufa nyumbani kwangu?"

Sabina akatoka huku analia. "Dada, si wewe mwenyewe umetuandikia?" Akampa simu.

Nilimwona akisoma, midomo inacheza. Alifika mwisho akarudi mwanzo. "Picha ni yangu," akasema. "Na maneno ni yangu. Lakini mimi sijaandika." Akatazama vidole vyake. Aliniambia baadaye kwamba kwa dakika ile hakuwa na hakika. Aliogopa pengine ameandika kweli na akasahau, kwamba kuna kitu kibaya kiasi hicho ambacho akili yake imekataa kukishika.

Akampigia Revo. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Yakobo, mwenyekiti wetu wa jumuiya, ndiye aliyeelewa kwanza. Akamuuliza kama kuna mtu amempigia leo, na Mama Revo akasimulia habari ya kijana wa parokia na zile namba. "Basi akaunti yako imetekwa," Yakobo akasema. "Huyo ni tapeli. Pengine alijipenyeza kundini kwetu mapema, akasoma matangazo yako, akaona jinsi unavyoandika. Ameona tulivyomwombea Revo kazini kwake. Hakuna msiba hapa."

Tukapumua. Mtu mmoja hata akaanza kucheka. Lakini Mama Revo hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Na kama hakuna msiba, mbona mwanangu hapatikani?"

Kicheko kikakatika palepale. Tulimkumbusha kwamba huko mtandao ni wa shida siku zote, na yeye alijua hivyo kuliko sisi. Lakini hofu haisikilizi maelezo. Je, kama tapeli amesikia habari ya ajali ya kweli, akaiwahi? Je, kama boti imepinduka kweli? Nilijikuta nami nawaza hivyo, na nikaona kwa wenzangu kwamba wanawaza hivyohivyo. Yakobo akainuka. Akawasha pikipiki yake, akaelekea Kigongo.

Ndipo likaja lile ambalo mimi mpaka leo likinijia nasimamisha cherehani. Tulikuwa tumekaa mkekani, Mama Revo katikati yetu, mikono yake miwili mapajani, simu yake imezimika pembeni. Simu zetu zote zikalia kwa pamoja. Kwenye vikapu, kwenye mikunjo ya vitenge, mifukoni mwa wanaume. Nikafungua.

"Asanteni wapendwa kwa upendo wenu," Mama Revo alikuwa anatuandikia. "Bado jeneza na usafiri. Msiniache peke yangu."

Tuliinua vichwa tukamtazama. Alikuwa amekaa pale, hajagusa kitu. "Amesema nini?" akauliza. Hakuna aliyetaka kumsomea. Nilimfahamu mwanamke huyu kama ninavyoufahamu mkono wangu, na hapo kulikuwa na mwingine, mwenye uso wake na maneno yake, anaongea na sisi, na huyu wa kwetu ndiye aliyekuwa bubu.

Sabina akaandika kundini: "Huyu si Mama Revo, msitume kitu." Hakumaliza kuiweka simu chini akaona ameondolewa. Mimi nikaandika, nikaondolewa. Mama Revo ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi, kwa hiyo aliyevaa jina lake alikuwa na ufunguo wa kutufukuza. Kila aliyesema kweli alitolewa nje. Waliobaki ndani walikuwa wale ambao hawajafika msibani, walioko kazini mjini na Mkolani na kwingineko, na wao walizidi kutuma pole na rambirambi kwa yule mwizi. Ikabidi tugawane majina, tuwapigie simu mmoja mmoja. Mwingine hakutuamini hata sisi. Alinikatia simu akidhani mimi ndiye tapeli! Nilimtukana, ila alikuwa amekwishakata.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Turubai halikushushwa, maana hakuna aliyejua kama litahitajika. Chakula hakikupikwa, maana hatukujua tunapika cha nini. Mama Revo aliingia kwa Bibi, akatoka, akaingia tena. Bibi alikuwa amefumbua macho lakini upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea, na alikuwa analia bila sauti. Mama Revo alimwambia, "Mama, ni uongo, Revo mzima," na mimi niliyekuwa mlangoni nilisikia kwamba hasemi kama mtu anayeamini.

Simu ya Sabina ikaita. Alikuwa Yakobo. Upepo ulikuwa unavuma upande wake. "Ninaye hapa. Mpe mama yake."

Mama Revo akaipokea kwa mikono miwili.

"Mama," sauti ikasema. "Mama, mimi mzima, nilikuwa majini."

Tulidhani atapiga vigelegele. Badala yake aliibana simu sikioni. Kisha akasema, "Yule mbuzi wako uliyemlilia ulipokuwa mdogo, ulimwita nani?"

"Mama, mbuzi tena?"

"Jibu!" Alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. "Kama wewe ni mwanangu, nijibu!"

Kukawa na upepo tu. Nilikuwa nimeshika mkono wa Sabina nikaubana mpaka akalalamika.

"Mchungaji," sauti ikasema. "Nilimwita Mchungaji, na Padre alikasirika."

Mama Revo akaketi chini kwenye mchanga, mahali hapohapo alipokuwa amesimama. Ndipo alipolia, na sisi wote tukalia naye, na nadhani hatukulia hivyo tulipodhani Revo amekufa.

Revo alirudi na Yakobo kabla ya giza. Alipoingia kwa Bibi, mzee alijifunika uso kwa kitenge akageukia ukutani. Alikwisha kumlilia. Aliyesimama mbele yake hakujua ni nani. Kwa wiki nyingi baada ya hapo, kila Revo alipokuja, Bibi alimshika kwanza kiganja kuona kama kina joto. Mdomo haukurudi sawa hata baada ya dawa za hospitali.

Taarifa tulipeleka polisi, na akaunti Revo alimsaidia mama yake kuirudisha, akaiwekea namba ya siri ya pili ambayo mwizi hawezi kuipata hata akizijua zile sita. Sokoni sasa Mama Revo anawahubiria wateja wake. "Namba zinazoingia kwenye simu yako ni ufunguo wa nyumba," anawaambia huku anafunga beseni kwa kamba. "Hata Baba Askofu akiziomba, hapewi." Anasema kwa ukali, watu wanacheka, lakini hacheki.

Alipita nyumba zote za jumuiya kwa miguu kuomba radhi, kama zamani. Wengi walimkumbatia. Wachache walisema chinichini kwamba yeye ndiye aliyemfungulia mwizi mlango. Alisikia. Kilichomwumiza hakikuwa rambirambi zilizopotea. Neno lake, ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilipokea bila kulipima, lilikuwa limemuua mwanawe na kumpooza mama yake, na sasa aliogopa kwamba hakuna atakayelipokea tena. Akajiuzulu ukatibu. Tukakataa. Akasema basi, kuanzia sasa kuna utaratibu: tangazo la msiba likitoka, hakuna kujibu, hakuna kutuma kitu. Watu wawili wanakwenda mpaka nyumbani, wanaona kwa macho, ndipo mmoja wao anasema kwa mdomo wake.

"Tutakwenda kukagua maiti kama askari?" nikamuuliza kikaoni. "Mfiwa atatuonaje?"

"Mtakagua, Modesta," akasema. "Hata kwangu."

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza nilipoamka asubuhi moja nikakuta ujumbe. "Jamani, tumepata pigo. Mama yangu ametutoka." Hakukuwa na namba ya kutumia chochote. Chini yake hakuna aliyeandika neno. Nilijua kwamba kila mtu ameusoma, na kundi zima liko kimya.

Siku ile zamu ilikuwa yetu, mimi na Sabina. Tulivuka barabara kwenye tope. Nikabisha hodi. Mama Revo alifungua akiwa peke yake, Revo yuko njiani kutoka vizimbani, na uso wake ulinitosha. Sikutaka kuona zaidi. Nikafungua mikono nimkumbatie.

Akarudi nyuma. "Hapana. Ingieni muone."

Akatupeleka chumbani, akainua shuka mwenyewe. Sabina alishika kiganja cha Bibi, nami nikashika kingine. Kilikuwa cha baridi. Nilimtazama yule mzee na mdomo wake uliopinda, nikamlaani moyoni yule kijana mwenye salamu nzuri, popote alipo.

Mama Revo akaishusha shuka polepole. "Niliandika nikakaa kuisubiri simu," akasema. "Hakuna aliyejibu, Modesta. Najua ni utaratibu, ni mimi niliyeuweka. Lakini niliogopa. Nilisema, labda safari hii hawatakuja."

Nikaenda dirishani nikasogeza pazia. Kwenye mvua, nje ya ua, barabara ilikuwa imejaa. Yakobo alikuwa na turubai begani. Wanawake walikuwa na sufuria, wanaume na viti vya plastiki wamejifunika navyo vichwani, kuni zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni zisilowe. Hakuna aliyekuwa amekanyaga ndani ya ua. Walikuwa wanautazama mlango.

"Wako wapi?" Mama Revo akauliza nyuma yangu.

"Wako nje," nikasema. "Wote."

Nikatoka, nikasimama kizingitini, nikawaambia ni kweli. Ndipo wakaingia.